Barua ya wazi kwa wakuu wa kodi wa Marekani: Aliyefunga ndoa aambiwe kwa lugha anayoisoma

Kwa Kamishna wa Mamlaka ya Kodi ya Marekani (IRS), kwa Mtetezi wa Kitaifa wa Walipakodi, na kwa wajumbe wa kamati za kodi katika Bunge la Marekani.

Waheshimiwa,

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu watu ninaowatetea wanasoma Kiswahili, na ningependa barua hii waielewe wao kwanza. Ofisi zenu zina watafsiri. Wao mara nyingi wana mtoto wa darasa la sita anayewasomea barua zenu baada ya kutoka shule.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio. Kila msimu wa kodi najitolea kwenye kituo cha VITA, ule mpango ambao kwa zaidi ya miaka 50 umekuwa ukiwajazia watu wa kipato cha chini ritani zao, yaani fomu za kila mwaka za kutangaza kipato na kodi, bila malipo. Wanaokaa mbele ya meza yangu ni madereva wa malori, wafanyakazi wa maghala na kina dada wanaohudumia wazee majumbani. Wamo Wakongo waliopitia kambi za Nyarugusu na Nakivale, Wakenya, Warundi na Watanzania wenzangu. Kosa ninalokutana nalo kuliko yote si la kuficha kipato. Ni la mtu aliyeoa au kuolewa, ndugu wakashuhudia na cheti kikatoka, na bado kwenye ritani yake ameandikwa hana ndoa.

Sheria yenyewe ni fupi. Hali ya ndoa huangaliwa siku moja tu, tarehe 31 Desemba. Aliyefunga ndoa hata siku hiyo saa mbili usiku anahesabiwa kuwa mwanandoa kwa mwaka mzima. Ana njia mbili za kawaida: kujaza ritani moja pamoja na mwenzake, au kila mmoja kujaza yake huku akijitambulisha kuwa ni mwanandoa. Kisanduku cha asiye na ndoa hakimhusu tena. Cha mkuu wa kaya nacho hakimhusu, isipokuwa kwa masharti maalumu, kwa mfano awe hakuishi nyumba moja na mwenzake katika miezi sita ya mwisho ya mwaka, awe na mtoto anayeishi naye, na yeye ndiye aliyelipia zaidi ya nusu ya gharama za nyumba hiyo.

Ufupi huo unawasaidia waliokulia ndani ya mfumo huu. Sisi tulitoka kwingine. Tanzania mwajiriwa mwenye mwajiri mmoja hukatwa kodi kwenye mshahara na mambo yakaishia hapo. Hajazi ritani, na hakuna ofisa wa TRA anayemuuliza ameoa lini. Aliyekulia kambini huenda hakuwahi kukatwa kodi ya mshahara hata senti moja kabla ya kufika hapa. Mtu huyo akiulizwa na mjazaji kwa Kiingereza cha haraka kama ana mke, akajibu kwamba mke yuko Tanga, mjazaji anaandika hana, kisha wanasonga mbele. Mwaka unaofuata programu ya kompyuta inanakili jibu la mwaka uliopita. Kosa linakua bila mtu yeyote kudanganya.

Yapo mambo ambayo watu wetu wanayaamini na ambayo yangepaswa kukanushwa kwa sauti yenu, si kwa sauti yangu kwenye chumba cha chini cha kanisa. Wanaamini kwamba ndoa ya Mombasa haihesabiki mpaka isajiliwe Marekani. Wanaamini kwamba haihesabiki mpaka mwenzi apate viza. Wanaamini kwamba ndoa ya Desemba ni ya mwaka unaofuata. Kanuni za Hazina za mwaka 2016 zinasema ndoa iliyofungwa nchi ya nje inatambuliwa katika kodi ikiwa uhusiano huo ungetambuliwa kuwa ndoa na sheria ya angalau jimbo moja au eneo moja la Marekani. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inazitambua ndoa za kidini, za kiserikali na za kimila. Kenya ilizikusanya ndoa za namna hizo chini ya sheria moja mwaka 2014. Basi nikaha iliyosomwa Tanga na kupata cheti ni ndoa mbele yenu tangu siku iliposomwa, na mwenye nikaha hiyo anastahili kulijua hilo kabla ya kutia sahihi.

Kinyume chake nacho kipo, na hakizungumzwi. Wapo waliosomewa nikaha au kubarikiwa kanisani hapa hapa Ohio bila kwenda kuchukua leseni ya ndoa katika mahakama ya mirathi ya kaunti, nao wanajaza pamoja wakidhani dini imetosha. Hao wanahitaji ushauri kabla ya kujaza chochote. Na aliyeoa mke wa pili nyumbani anahitaji kuambiwa kwa heshima kwamba sheria ya Marekani haiitambui ndoa hiyo wakati ya kwanza ingalipo.

Niwaonyeshe kosa hili linagharimu nini. Chukueni dereva aliyepata dola 48,000 mwaka 2024. Alioa, mkewe akafika Septemba mwaka huohuo akiwa na kadi ya ukaazi, bado hajaanza kazi. Akiandikwa hana ndoa, dola 14,600 za mwanzo hazitozwi, na kodi yake inakuwa dola 3,776. Wakijaza pamoja, kiasi kisichotozwa kinakuwa dola 29,200 na kodi inashuka hadi dola 1,880. Tofauti ni dola 1,896. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba, anayetuma pesa kwa wazazi na aliyekopa tiketi ya ndege ya mkewe, hizo ni pesa za miezi. Sheria inasema ni zake. Zimebaki Hazina kwa sababu ya kisanduku kimoja.

Kosa la mkuu wa kaya linaumiza kwa namna nyingine, kwa sababu mwanzoni linapendeza. Kuna wajazaji wa mitaani, wengine wanazungumza lugha zetu na tunasali nao, wanaowaandika mume na mke wa nyumba moja kila mmoja kuwa mkuu wa kaya, wakawagawia watoto, huyu wawili na yule wawili. Kwa mwaka 2024 kila mkuu wa kaya hakutozwa dola 21,900 za mwanzo, kwa hiyo nyumba hiyo ikajipatia dola 43,800 badala ya 29,200. Nafuu ya kodi ya wenye kipato cha chini nayo ikadaiwa mara mbili. Marejesho yanakuja makubwa, mjazaji anachukua asilimia yake, na jina lake halionekani popote kwenye ritani. Miaka miwili baadaye barua inafika. Familia inadaiwa tofauti yote, pamoja na riba, na huenda na faini ya asilimia 20. Ikionekana kwamba walipuuza kanuni kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa, wanaweza kuzuiwa kudai ile nafuu kwa miaka miwili. Ikionekana ni ulaghai, miaka kumi.

Waheshimiwa, sheria tayari inamtaka mjazaji anayelipwa awe na namba ya utambulisho, atie sahihi, na ahoji kwa makini kabla ya kumwandika mtu kuwa mkuu wa kaya. Tunaomba mwanzie kwake. Familia inapojitokeza yenyewe kurekebisha, ikawa tayari kumtaja aliyewajazia, kujitokeza huko kuhesabiwe kuwa ushahidi wa nia njema tangu barua ya kwanza, wasisubiri mpaka wapate mwanasheria wa kuwaombea. Wanaojitokeza ni wachache kwa sababu wanaogopa. Kwa mtu aliyekimbia Kivu Kusini, barua yenye nembo ya serikali haisomwi kwa utulivu.

Na dawa ipo, haihitaji sheria mpya. Fomu 1040-X inarekebisha ritani, na tangu 2020 inaweza kutumwa kwa mtandao. Anayedai pesa zake ana miaka mitatu tangu alipopeleka ritani, au miwili tangu alipolipa kodi, ule utakaochelewa kwisha. Aliyewahi akapeleka ritani kabla ya siku ya mwisho anahesabiwa kuanzia siku hiyo ya mwisho. Wanandoa waliojaza mbalimbali wanaweza kubadili wakajaza pamoja ndani ya miaka mitatu. Mahakama pia zimesema jambo ambalo watu wetu hawajawahi kuambiwa. Mwaka 2015, katika kesi ya Ibrahim, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane iliamua kwamba mwanandoa aliyejaza kimakosa kama mkuu wa kaya hakuwa amechagua kujaza mbalimbali kwa maana ya sheria, kwa hiyo hafungwi na vizuizi walivyowekewa waliochagua njia hiyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Kodi ilifuata mkondo huo katika kesi ya Camara, ambayo mume alikuwa amejaza kama asiye na ndoa. Ukomo wa kudai marejesho unabaki palepale, lakini mlango wa kujaza pamoja haufungwi na kosa. Uamuzi wa namna hiyo uandikwe kwa lugha nyepesi pale pale mtu anaposoma maelekezo ya 1040-X. Mfungasha mizigo wa ghalani hawezi kwenda kuutafuta kwenye vitabu vya hukumu.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa ndipo ninapopoteza usingizi.

Kurekebisha kutoka "hana ndoa" hadi kujaza pamoja kunahitaji sahihi ya mke. Sahihi hiyo ni kiapo. Kila mmoja wa waliotia sahihi ritani ya pamoja anadaiwa kodi yote ya ritani hiyo, si nusu yake, pamoja na riba na faini, hata ikiwa kipato chote kilikuwa cha mwenzake, hata wakiachana mwaka unaofuata. Na tarehe ya mwisho ya kupeleka ritani za mwaka ule ikishapita, waliojaza pamoja hawawezi kugeuka wakajaza mbalimbali. Basi mbele yangu anakaa binti aliyefika Marekani miezi minne iliyopita. Hajawahi kuiona namba ya akaunti ya mumewe. Karatasi ni ya Kiingereza, na anayemtafsiria ni huyo huyo mume, anayemwambia, "Weka sahihi hapa, ni mambo ya kodi." Anaweka. Wengi wa waume hao ni watu wema wanaotafuta haki yao. Lakini haki ya mume haiwezi kusimama juu ya sahihi ambayo mke hakuielewa.

Hati yenu ya haki za walipakodi inaanza na haki ya kufahamishwa. Binti huyu ni mlipakodi wenu kuanzia dakika ile anapotia sahihi. Anastahili ukurasa mmoja wa Kiswahili unaomwambia sahihi hiyo inambebesha nini. Umwambie kwamba anaweza kukataa na kujaza peke yake kama mwanandoa, hata ikiwa kodi ya mapato ya familia itapanda, kwa sababu kuna ndoa ambazo ndani yake huo ndio usalama wa mwanamke. Umwambie pia kwamba mbele ya safari, kama mume alificha kipato, ipo fomu 8857 ya kuomba kuondolewa deni lisilo lake. Mimi humweleza kwa mdomo, mume akiwa pembeni. Mara nyingine namwomba mume atupishe kidogo, na ninajua navuka mpaka ambao mtu wa kujitolea hana kinga ya kuuvuka. Ningekuwa na karatasi yenu, ningempa kila mmoja yake na kuwaachia dakika kumi za kuisoma.

Mmekuwa mkitangaza kwamba simu zenu zina wakalimani wa lugha zaidi ya 350. Tunashukuru kwa hilo, kwa dhati. Lakini mkalimani wa simu anamfaa mtu ambaye tayari anajua ana swali la kuuliza. Mlipoanzisha fomu ya mlipakodi kuchagua lugha ya kupokelea barua, iliyojulikana kama Schedule LEP, mliorodhesha lugha 20 zaidi ya Kiingereza. Kulikuwa na Kigujarati, Kikhmer, Kiitaliano na Kipolandi. Kiswahili hakikuwamo. Siwaonei wivu majirani zangu Wakhmer, na sitaki lugha ya mtu yeyote iondolewe. Ninasema tu kwamba kwa miaka kadhaa Kongo ilikuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote kati ya waliopokelewa Marekani, na Kiswahili ni lugha kubwa ya mashariki ya Kongo. Serikali iliyowachagua, ikawapima afya na kuwasafirisha ilijua wanazungumza nini kabla hawajapanda ndege.

Kuna pia wale ambao mwenzi wao bado yuko nyumbani. Mkaazi wa Marekani aliyeoa Dodoma na mkewe bado anasubiri viza naye si mtu asiye na ndoa. Anaweza kujaza peke yake kama mwanandoa, au wawili hao wakachagua kwa maandishi, wote wakitia sahihi, mke ahesabiwe kuwa mkaazi wa Marekani kwa ajili ya kodi ili wajaze pamoja. Wakichagua hivyo, kipato chao chote cha duniani kinaingia kwenye hesabu, likiwemo duka la mke pale Dodoma. Tena mke anahitaji namba ya utambulisho wa mlipakodi iitwayo ITIN, inayoombwa kwa fomu W-7. Maombi yanatumwa Austin, Texas, na inatakiwa pasipoti yenyewe au nakala iliyothibitishwa na mamlaka iliyoitoa. Mwanamke anayesubiri kuitwa kwenye usaili wa viza hawezi kuiachia pasipoti yake ivuke bahari kwa majuma mengi. Matokeo yake mume anarudi kwenye kisanduku cha zamani kwa sababu hicho hakimuulizi chochote. Baadaye, anapomdhamini mkewe kwa fomu I-864, analazimika kuambatanisha ritani yake ya karibuni. Ofisa wa viza anaona cheti cha ndoa cha Juni na ritani ya mwaka huohuo inayosema mdhamini hana mke. Ofisa ana kila haki ya kuuliza. Kosa la kodi limegeuka shaka juu ya ndoa ya kweli.

Kwa hao tunaomba njia zote za kuthibitisha pasipoti bila kuituma ziandikwe kwa Kiswahili mahali pamoja, zikitaja nani anaruhusiwa kuthibitisha Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa, na kwa gharama gani. Na swali la ndoa libadilishwe namna linavyoulizwa katika vituo vya bure na katika programu za kujazia. Mtu aulizwe kwanza: hadi tarehe 31 Desemba, je, ulikuwa umefunga ndoa ya kiserikali, ya kidini au ya kimila, katika nchi yoyote, hata kama mwenzako haishi Marekani? Akijibu ndiyo, ndipo kompyuta au mjazaji afuatilie ndoa hiyo kama inatambuliwa na ni njia ipi inamfaa.

Wajumbe wa Bunge, kliniki za kisheria za walipakodi wa kipato cha chini mlizianzisha kwa sheria ya 1998, na moja ya kazi mlizozipa ni kuwaelimisha wasiojua Kiingereza vizuri. Mnazigawia fedha kila mwaka. Katika fungu hilo tunaomba itengwe sehemu ya lugha za wakimbizi wa karibuni, Kiswahili kikiwamo, na kliniki ziruhusiwe kuwalipa wazungumzaji wa lugha hizo badala ya kutegemea watu wa kujitolea kama mimi, ambao tukiugua Februari meza inabaki tupu.

Na kwenu viongozi wetu wenyewe, mashehe, wachungaji na wenyeviti wa jumuiya, barua hii inawagusa pia. Ninyi ndio mnaojua nani amefunga ndoa, lini na wapi. Mnapowapongeza maharusi, waambieni habari ya tarehe 31 Desemba na ya leseni ya kaunti. Msimruhusu mjazaji asiyetia sahihi ritani anazozijaza kuweka meza kwenye ukumbi wenu.

Ritani za mapato ya 2023 zilitakiwa kufika kwenu tarehe 15 Aprili 2024. Waliozipeleka kwa wakati wakakosea kisanduku cha ndoa wana hadi 15 Aprili 2027 kudai walichozidisha. Ukurasa huo wa Kiswahili ukitoka kabla ya vituo vya bure kufunguliwa Januari 2027, wengi wao watawahi. Nipo tayari kuusoma rasimu na kuwaambia ni sentensi zipi mama wa Uvira hatazielewa, na wapo wenzangu katika majimbo mengine walio tayari kufanya hivyo bila malipo.

Kwa heshima,

Mjazaji wa kujitolea, VITA
Columbus, Ohio